Mwisho wa "Rafiki" na Madai ya Toba

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipiga marufuku picha ya sinema iitwayo Rafiki, kazi ya Wanuri Kahiu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kwamba picha hiyo yakusudia kueneza mapenzi ya wanawake kwa wanawake, kinyume cha sheria ya nchi. Lakini katika mashauri yaliyotangulia marufuku, kama Kahiu alivyoeleza baadaye, jambo lililokuwa zito kuliko yote lilikuwa mwisho wa hadithi. Bodi ilitaka mwisho huo ubadilishwe, kwa kuwa mhusika mkuu hakuonekana kujuta vya kutosha, na mtazamaji aliachwa na matumaini. Kahiu alikataa. Basi kisa kizima kilikuja kusimama juu ya dakika chache, na atakaye kukielewa hana budi kuzitazama dakika hizo kwanza.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja wa Nairobi, na baba zao wanashindania kiti kimoja cha uwakilishi wa wadi. Wasichana hao wapendana kwa siri, siri yafichuka, na majirani wawavamia na kuwapiga. Mama yake Kena, mwanamke mshika dini, aona kwamba mwanawe ameingiliwa na pepo, naye ampeleka kanisani akaombewe. Baba yake, ambaye angaliweza kuokoa uchaguzi wake kwa kumkana binti yake, hamkani. Ziki apelekwa London. Miaka yapita, Kena ameingia katika kazi ya tiba, na habari zamfikia kwamba Ziki amerejea. Yuko peke yake, asikia jina lake likiitwa, mkono wamgusa begani, ageuka. Picha yakomea hapo.

Mtazamaji haambiwi kama hao wawili wataishi pamoja, wala kama wataagana kwa mara ya pili. Haambiwi kama mama amebadili imani yake au ameishikilia zaidi. Mji ni ule ule, na majirani ni wale wale. Kitu kimoja tu ndicho kilicho dhahiri: Kena hakuomba msamaha. Katika hili wenye bodi hawakuwa vipofu, na si haki kuwacheka kama walivyochekwa na wengi. Maombi ya kanisani yalikusudiwa kumgeuza mtu. Miaka imepita na mtu huyo ageukia mkono ule ule. Kuonyesha hivyo ni kusema jambo juu ya maombi hayo. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba jambo hilo ni moja, na kwamba wao wamekwisha kulisikia lote.

Mwisho huo haukuzaliwa Nairobi. Picha imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi hiyo ni barua: Anyango, muuguzi, amwandikia Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wawili hao kufumaniwa chini ya mzambarau katika mtaa wa nyumba za Nakawa, Kampala. Sanyu yu karibu kurudi. Barua yote yaandikwa katika kungoja, na msomaji aifunga kabla ya mgeni kufika. Jina Sanyu maana yake kwa Kiganda ni furaha, na mwandishi hakulichagua bila kufikiri. Kahiu alisogeza hatua moja mbele: alimfikisha mgeni mpaka begani pa mwenzake. Akasimama hapo.

Ili kufahamu kwa nini hatua moja hiyo ilileta zogo, yafaa kurudi nyuma hadi Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulifanyika mradi wa sinema za mafunzo kwa Waafrika, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa picha 35 hivi, zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa vijijini Afrika ya Mashariki na ya Kati. Katika moja, mtu azika fedha zake ardhini na mwizi azichukua. Mwenziwe aliyeziweka katika Benki ya Posta azikuta salama. Ndiyo namna ya picha hizo: mjinga na mwerevu waanza pamoja, na mwisho watenganishwa, huyu apata hasara na yule faida. Mtazamaji hakuachiwa kazi yoyote ya kufanya. Watengenezaji waliamini kwamba Mwafrika akiachiwa swali atapotea.

Imani hiyo haikuondoka na wenyewe. Sheria iliyompa mamlaka mwenye kukagua picha Kenya, ile ya filamu na michezo ya jukwaani, ilitungwa mwaka 1962, katika siku za mwisho za ukoloni, ikarithiwa na taifa huru. Vifungu vya sheria ya adhabu vilivyotajwa dhidi ya Rafiki navyo vina asili ya kikoloni. Ajabu ni kwamba ukaguzi wa picha ulitetewa kwa jina la mila za Kiafrika, hali umbo la hadithi lililodaiwa, la mkosaji kujuta mbele ya macho ya watu, ni lile lile lililosafiri kwa lori kutoka Vugiri.

Je, mila za fasihi ya Kiswahili zadai umbo hilo? Mfano mmoja mkubwa watosha. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, yausaili moyo kwa nini hautanabahi. Yauonyesha magofu ya majumba na matajiri waliolala kaburini, kisha yauogofya kwa kutaja mioto ya Jahanamu, na hapo yakatika. Moyo haujibu. Wapo wataalamu wanaosema utenzi haukukamilika, na wapo wauonao mzima kama ulivyo. Shauri hilo ni la siku nyingi. Hata hivyo kizazi baada ya kizazi kimeusoma utenzi ambao toba yake imedaiwa na haikuonyeshwa, wala hakuna aliyeuona kuwa hatari kwa imani. Mshairi alijua mpaka wa kazi yake. Aliweza kuuita moyo. Kuujibia hakuthubutu, kwa kuwa jibu hilo lina mwenye kulipokea, na si msikilizaji wa utenzi.

Mwezi wa Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku kwa siku saba, ili picha ipate kutimiza sharti la kushindania tuzo za Oscar. Alisema hakusadiki kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi ya maadili yake kutikiswa na picha moja. Watu walijaa ukumbini Nairobi. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi. Na mwezi wa Aprili 2020 Jaji James Makau akaamua kwamba bodi haikuvunja katiba.

Wengi walioisifu picha katika siku hizo waliuita mwisho wake ushindi wa mapenzi. Hao nao waliufunga, kama bodi ilivyotaka kuufunga, ila kwa upande mwingine. Ushindi gani, katika mji ambao hakuna aliyebadilika? Lililotangulia mkono ule begani ndilo lenye uzito zaidi, nalo halikuzungumzwa sana: kwamba Kena, aliyepigwa na majirani, alichagua kazi ya kuwatibu wagonjwa wa mji huo huo. Hakuna aliyemlazimisha. Mhubiri angaliweza kuutumia uamuzi huo katika hotuba yake bila kubadili neno, na mama yake, kama angaliulizwa, angaliweza kusema kwamba maombi yake yamejibiwa. Picha haikumuuliza.