Miaka 120 ya kuvuta mzigo: kutoka riksho za Nairobi hadi mikokoteni ya Kibera na Kawangware

Tarehe 14 Machi 2027 itatimia miaka 120 tangu wavuta riksho watatu, Wakikuyu, walipochapwa viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Kosa walilodaiwa kufanya lilihusu namna ya kuvuta. Ilisemekana waliinua mikono ya riksho juu mno, wakawarusharusha wanawake wawili wa Kizungu walioketi ndani, na walipokaripiwa wakajibu kwa ufidhuli. Mmoja wa wanawake hao alikuwa dada yake Ewart Grogan, kiongozi wa chama cha walowezi.

Naanza na kisa hiki kwa sababu historia ya uchukuzi wa jiji letu husimuliwa kana kwamba ilianzia kwenye reli ikaishia kwenye lori. Mkokoteni hupewa mstari mmoja, au hutajwa pale tu msongamano wa magari unapotafutiwa wa kubebeshwa lawama. Ilhali ukisimama Naivasha Road pale Kawangware 46, au Kibera Drive karibu na Makina, kabla jua halijachomoza, utaona jinsi mitaa hii inavyolishwa, inavyonyweshwa na inavyojengwa kwa magari yasiyo na injini. Maji, makaa, mabati, viazi, kitanda cha mpangaji aliyepandishiwa kodi: vyote hupita mikononi mwa msukuma mkokoteni.

Chanzo cha yote ni inzi wa ndorobo. Ng'ombe na farasi hawakuhimili njia ya kutoka pwani hadi nyanda za juu, kwa hiyo mzigo ulikwenda kichwani mwa binadamu. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandaza huko Mombasa reli nyembamba ya inchi 24, ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Iliishia maili chache tu. Vyuma vyake vilikuja kutumiwa kisiwani kwa vitoroli vya abiria, na kwa miaka mingi wakubwa wa Mombasa walikwenda ofisini na klabuni wameketi kivulini huku wanaume wakiwasukuma kwa kukimbia. Reli yenyewe ilifika Nairobi Mei 1899. Treni ilishusha mizigo na abiria stesheni, na kutoka stesheni hadi dukani au nyumbani, kwenye tope la mji uliojengwa kinamasini, kazi ikawa ya watu. Riksho zikaingia mjini kwa njia hiyo.

Sasa turudi mahakamani. Barua za serikali kuhusu tukio lile ziliwekwa mbele ya Bunge la Uingereza mwaka huohuo wa 1907, na ndizo zinazotuwezesha kulifuata hatua kwa hatua. Grogan hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amejipatia sifa Ulaya kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, na alikuwa na ardhi, mbao na maneno mengi. Hakwenda polisi kushtaki. Aliwakamata wale watatu, akawafunga, akawaongoza hadi mbele ya mahakama huku kundi la walowezi likiongezeka nyuma yake. Mahali hapo alipachagua makusudi, ili serikali ione. Hakimu alitoka nje akawasihi waache. Ofisa wa polisi naye alijaribu. Hawakusikilizwa. Grogan mwenyewe akashika kiboko, na wenzake wakawachapa waliobaki.

Serikali ya kikoloni ilipata kigugumizi. Kuwaacha bila kuwashtaki kungekuwa kukiri kwamba mji uko mikononi mwa walowezi. Kuwashtaki kwa kosa zito kungewasha moto. Ikaangukia katikati: wakashtakiwa kwa kushiriki mkusanyiko usio halali. Grogan alipata kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500, wenzake wakapata vifungo vifupi zaidi. Tena hawakupelekwa jela waliyofungwa Waafrika. Waliwekwa kwenye nyumba. Mjini London suala lilifika bungeni wakati Winston Churchill alipokuwa naibu wa Waziri wa Makoloni, na kabla ya mwaka kwisha Churchill mwenyewe alikuwa ameshuka Nairobi kuitembelea nchi.

Ukisoma vitabu vingi vya walowezi, utakuta kurasa juu ya tabia ya Grogan, ujasiri wake, ulimi wake. Wale watatu huishia kuitwa vijana wa riksho. Hakuna anayejiuliza riksho yenyewe ilikuwaje. Yeyote aliyewahi kuvuta gari la magurudumu mawili anajua kwamba mikono hupanda juu abiria wanapoegemea nyuma, na hushuka wanapoinamia mbele. Barabara ikiwa na mashimo, gari litaruka hata livutwe na malaika. Ni hesabu ya uzito na ekseli, na kwa hesabu hiyo watu watatu walichapwa viboko.

Vita Vikuu vya Kwanza viliurudisha mzigo kichwani. Jeshi la Wachukuzi, yaani Carrier Corps, liliwakusanya wanaume kwa mamia ya maelfu kuwafuata wanajeshi hadi Tanganyika, kwa sababu ileile ya ndorobo, na makumi ya maelfu hawakurudi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina lao. Kibera ni mtoto wa jeshi pia. Wanubi waliotumikia King's African Rifles walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi ya ekari 4,197 ikatangazwa kuwa eneo la jeshi. Iliyobaki mikononi mwao kwa hati ni ekari 288, walizokabidhiwa mwaka 2017. Kawangware kwa upande wake ilikuwa mashamba ya Wakikuyu pembezoni mwa Dagoretti hadi mji ulipoifikia.

Baada ya Uhuru watu waliingia mjini bila kipande na bila kuomba ruhusa, na mitaa hii miwili ikafurika. Barabara za lami zilipita kando yake, si ndani yake. Hapo ndipo mkokoteni ulipopata makao. Lori haliingii Gatwekera ya Kibera wala Gatina ya Kawangware, na hata likiingia haligeuki.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya iliyouonyesha ulimwengu kwamba kazi za watu wasio na leseni si uzururaji bali ni uchumi, na ikaionya serikali iache kuwasumbua. Miaka mitano baadaye Kenneth King alichapisha kitabu chake The African Artisan, kinachoeleza jinsi ufundi wa chuma ulivyohama kutoka karakana za Wahindi hadi kwa vijana wa Kiafrika waliokaa chini ya jua na nyundo na vyuma chakavu. Mkokoteni wa Nairobi ni zao la ulimwengu huo. Ekseli yake hutoka kwenye gari dogo lililokufa, mara nyingi pamoja na magurudumu na matairi yake. Mojawapo ya sehemu zinakouzwa vipuri hivyo ni Kirinyaga Road, barabara iliyoitwa Grogan Road enzi za ukoloni na ambayo mafundi bado huiita Grogan. Mwaka 1986 waraka wa serikali uliwapa mafundi hao wa jua kali heshima ya maandishi, na neno likawa la kujivunia. Mafundi walijengewa vibanda, ila wasukuma mikokoteni hawakujengewa kitu.

Utazame kwa karibu mkokoteni wa maji wa Kawangware. Jukwaa lake ni mbao nene zilizopigiliwa juu ya ekseli. Mbele inatoka mikono miwili mirefu iliyounganishwa kwa ubao, na mvutaji huingia katikati yake, kifua kikisukuma ubao. Mitungi ya lita 20 hupangwa kwa safu, na mitungi 20 tu ni kilo 400 za maji, bila kuhesabu uzito wa mkokoteni wenyewe. Kazi kubwa hufanyika kabla ya gurudumu kuzunguka hata mara moja, nayo ni kupanga. Mzigo ukizidi nyuma, mikono inapaa na kumwinua mvutaji, miguu yake ikielea hewani. Ukizidi mbele, unamkandamiza mgongo hadi mwisho wa safari. Fundi wa kazi huacha uzito kidogo tu upande wake, kiasi cha kuushika mkokoteni usipae, na anajua kwa mikono kama mtungi mmoja umewekwa vibaya.

Kisha kuna breki. Nyuma kabisa, chini ya mbao, hupigiliwa kipande cha tairi kuukuu. Kwenye mteremko mvutaji huinua mikono, mkia ukashuka, na ile tairi ikasugua lami. Kwa maneno mengine, kosa la kuinua mikono ambalo watatu wale walipigiwa mwaka 1907 ndilo linalookoa maisha leo kwenye mteremko. Mzigo ukiwa mkubwa, mtu wa pili hukaa nyuma: kwenye mpando anasukuma, kwenye mteremko anauning'inia mkia.

Maswali haya ya nani atangulie na nini kizuie kinachofuata si ya maskini peke yao. Huko Marekani, wazee waliostaafu husafiri kwa nyumba za magurudumu, basi zima lenye kitanda na jiko, na nyuma yake huvuta gari dogo la kutembelea wakifika. Kabla ya safari wanakuna vichwa: gari livutwe kwa mtaimbo magurudumu yote manne yakiwa chini, au ya mbele yapakizwe kwenye kigari cha magurudumu mawili, au lote lipande juu ya trela? Gari lenye gia za kujiendesha aghalabu haliruhusiwi kuvutwa magurudumu yake yote manne yakizunguka, maana gia hukosa mafuta injini ikiwa imezimwa na huungua. Kinachovutwa kikiwa kizito, aghalabu hutakiwa kiwe na breki yake, na trela lililoelemewa nyuma huanza kuyumba hadi likalibwaga gari linalolivuta. Msukuma mkokoteni wa Gatina angelielewa shauri hilo mara moja. Tofauti ni kwamba wao wana vitabu vya maelekezo na viwanda vya kuwauzia vifaa, na yeye ana kipande cha tairi.

Katika pembe za Dagoretti na kuelekea Kiambu, wengi walimchagua punda atangulie. Punda anavuta mzigo mkubwa kuliko mtu na hula majani ya kando ya njia. Chaguo hilo lilikatishwa kikatili. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilipewa leseni nchini ili kuuza ngozi China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa ya kienyeji. Utafiti wa KALRO ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Punda waliibwa usiku, wenyewe wakaamkia mkokoteni mtupu, na mwanamke aliyekuwa akiuza maji kwa punda akarudi kubeba mgongoni. Mwaka 2009 sensa ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ya 2019 ikakuta takriban milioni 1.2. Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo, Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Nchi iliyoacha mnyama wa kazi auzwe kwa ngozi yake iliwatendea dhuluma watu waliomtegemea, na hakuna aliyewafidia.

Baada ya hapo zikaja bodaboda, tuktuk na pikipiki za matoroli, na baadhi ya mizigo myepesi ikahama. Mizigo mizito ilibaki. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yalipoingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, watu wapatao 30,000 waliachwa bila makao, na mabati waliyoweza kuokoa yakahitaji wa kuyabeba kabla ya usiku.

Barabara ile ilipangwa kwa ajili ya magari. Kaunti ya Nairobi ilikuwa tayari, tangu Machi 2015, na sera ya usafiri usio wa injini, iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wenzao. Tangu hapo njia za miguu zimejengwa sehemu nyingi za jiji, na nyingine ni nzuri kweli. Lakini zimepimwa kwa mtu na baiskeli. Vigingi vya zege vilivyopandwa kuzuia bodaboda vinauzuia pia mkokoteni, kwa hiyo mvutaji hurudi kwenye lami, akapigiwa honi na matatu nyuma yake na kukimbizwa na askari wa kanjo mbele yake kwa kosa la kuwa barabarani.

Kinachotakiwa si kikubwa. Upana wa mkokoteni unajulikana, kwa kuwa ekseli yake ni ya gari dogo. Njia ya pembeni inayotosha ekseli hiyo, isiyo na ngazi wala vigingi, kutoka Kawangware hadi Dagoretti Corner na kutoka Laini Saba hadi Toi, ingewatoa wavutaji kwenye magurudumu ya malori. Ingewapunguzia pia wenye magari foleni wanayoilalamikia kila asubuhi. Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni kila mwaka, na Katiba inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi kabla wawakilishi wa wadi hawajainua mkono. Wasukuma mikokoteni wa Kibera na Kawangware wana wawakilishi wao, na wawakilishi hao hunywa maji yaliyofika kwa mkokoteni.