Neno "Chifu" na Historia Yake katika Ufipa

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatwaa kutoka Kiingereza, neno "chifu" lastahili kuchunguzwa, kwa kuwa maana zake katika lugha lilikotoka ni nyingi, na Kiswahili kilitwaa moja tu. Asili ya "chief" ni neno la Kilatini "caput", yaani kichwa, ambalo lilipitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika Uingereza. Kwa Waingereza neno hili ni jina na tena ni sifa. Likiwa jina, humtaja mtu aliye juu ya wenziwe, kama vile kiongozi wa ukoo huko Scotland au mkubwa wa polisi. Likiwa sifa, hutaja kitu kilicho kikubwa kuliko vingine vya jinsi yake: sababu, mji, mhandisi au jaji.

Kiswahili kililigawa neno hili mafungu mawili. Ile sifa kiliifasiri kwa neno lake chenyewe, "mkuu". Ndiyo maana twasema Jaji Mkuu na Mhandisi Mkuu, wala hakuna asemaye "jaji chifu". Lile jina kililitwaa lilivyo, lakini kwa mtu wa namna moja tu, yaani mtawala wa Kiafrika aliye chini ya dola ya kigeni. Kisha kikalizalisha kwa kanuni zake: machifu, uchifu, kichifu. Jambo ambalo Kiingereza kililificha ndani ya neno moja, Kiswahili kililiweka wazi: ukuu wa serikali ni kitu kimoja na uchifu ni kitu kingine.

Mfano wa Ufipa waonyesha vema mgawanyo huo. Watu wa uwanda wa juu, na wale wa bonde la Ziwa Rukwa ambako ndiko iliko Milepa, hawakupungukiwa na jina la mtawala. Walimwita "mwene". Neno hili ni ndugu wa "mwenye" na "mwinyi" ya Kiswahili, lile lile lililokuwamo katika cheo cha Mwinyi Mkuu wa Unguja. Katika karne ya 19 Ufipa ilikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, na kila moja ilikuwa na mwene wake. Wadachi walipoweka kituo chao Bismarckburg, yaani Kasanga, walitumia neno la pwani, wakawaita watawala wa bara "masultani". Waingereza nao walikuja na neno lao. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, aliweka utawala wa kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa watawala hao mamlaka ya serikali za wenyeji. Tangu hapo mwene wa Wafipa, mtemi wa Wanyamwezi na mangi wa Wachaga wote wakawa "chief" katika daftari moja, ingawa vyeo vyao havikuwa sawa kwa asili wala kwa kazi.

Katika Ufipa jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Mapokeo ya Wafipa yasema kwamba utawala wa kwanza ulikuwa Milansi, na kwamba baadaye wanawake wageni wa ukoo wa Watwa (si Watwa wa misituni) waliitwaa nchi. Mwene wa Milansi alibakiwa na heshima ya utangulizi na mambo ya tambiko. Roy Willis, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960, alieleza kwamba katika fikira za Wafipa Milansi ni kama kichwa, na Watwa ni kama kiuno. Serikali ya kigeni ilimtafuta mtu wa kukusanya kodi na kuamua kesi, ikampata katika nyumba za Watwa. Basi neno ambalo asili yake ni kichwa likapewa kiuno, na kichwa kikakosa jina katika daftari.

Mahali pengine neno lilichukua njia nyingine. Nchini Kenya chifu ni mtumishi wa serikali anayeteuliwa na kulipwa mshahara kusimamia lokesheni, wala si lazima awe wa ukoo wa watawala. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Waswahili wa Kongo walilipokea kutoka Kifaransa, wakasema "shefu". Na Afrika Mashariki "shefu" huyo huyo ni mpishi wa hoteli.

Mwezi Septemba 1960 Julius Nyerere alifanywa "Chief Minister" wa Tanganyika. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa "chief" wa Wazanaki. Kwa Kiingereza baba na mwana walishiriki neno moja. Kwa Kiswahili, wa kwanza ni chifu na wa pili ni waziri. Mwaka 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu, na hapana aliyedhani kwamba Jaji Mkuu naye amefutwa.

Hata hivyo, kilichofutwa ni cheo kile cha mwaka 1926. Neno lenyewe halikufa. Wasukuma wengi wamehamia bonde la Rukwa pamoja na ng'ombe wao, na hivyo wenye "ntemi" na wenye "mwene" wamekuwa majirani. Wanapozungumza juu ya watawala wa zamani kwa lugha inayowaunganisha, neno lililo tayari ni "chifu". Mwezi Septemba 2021, huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alivikwa heshima ya jadi akaitwa Chifu Hangaya. Neno lililotwaliwa kumtaja mtawala aliye chini ya serikali limekuwa heshima ya aliye juu ya serikali. Lakini mwanafunzi wa historia asomaye "chifu" katika majalada ya Ufipa hana budi kuuliza kila mara: huyu alikuwa mwene wa wapi, na ni nani aliyeachwa nje ya neno hili?