Mbele ya kuvuka Kasumbalesa

Bandugu, shule ikipeleka wanafunzi Zimbabwe kuona kuta za Great Zimbabwe, mawe yaliyopangwa bila chokaa, ni muzuri. Lakini mutoto wa Kasulo ajue kwanza Sanga, pale mto wetu Lualaba unapopita ziwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimbua pale makaburi ya zamani: wafu walizikwa na misalaba ya mukuba. Mwanzoni ilikuwa mikubwa. Kisha ikawa midogo, ya kipimo kimoja, sawa pesa. Ni ile ile ya bendera ya Katanga ya 1960. Ku Kasulo, tangu 2014, tunachimba kobalti hata chini ya nyumba. Musalaba kama ule ukitokea mu shimo, nani ataujua?