Chipsi za Kutwika

Orodha za vyakula katika migahawa ya Nairobi na Dar es Salaam zina chakula ambacho kimeshapata walaji lakini bado hakijapata jina la Kiswahili. Huandikwa kwa Kiingereza, "loaded fries": chipsi zilizokaangwa zikakauka, kisha zikawekewa juu yake nyama, jibini, mchuzi mzito, mboga mbichi au achari, zikaletwa mezani katika sahani moja pamoja na uma. Tafsiri zinazojileta haraka ni "chipsi zilizopakiwa", "chipsi zilizosheheni" na "chipsi mchanganyiko". Zote tatu zinaeleweka, na zote tatu zinakosea mahali pamoja: zinasema kuna vitu vingi, hazisemi vimewekwaje. Kwa mpishi, namna ya kuweka ndiyo chakula chenyewe. Kwa hiyo napendekeza istilahi chipsi za kutwika, na kwa matumizi ya haraka ya mkahawani, chipsi twika.

Jina la chakula hupimwa kwa swali moja: anayelisikia anaweza kukisia mikono ya mpishi ilifanya nini? Kiswahili cha vibandani hulijibu swali hilo vizuri sana. Chipsi mayai za Tanzania huitwa zege, na jina hilo lina akili. Zege la fundi ujenzi ni kokoto zilizoshikamanishwa na saruji. Zege la kibandani ni chipsi zilizoshikamanishwa na yai lililopigwa. Chipsi za humo hulainika, na hakuna mlaji anayelalamika, kwa kuwa yai ndilo linaloshika umbo. Chipsi masala za Nairobi na Mombasa zina mwendo mwingine. Rojo la nyanya, kitunguu, saumu, pilipili na dhania hukaangwa kwanza, chipsi humiminwa humo na kugeuzwageuzwa mpaka kila kipande kipate rangi. Zege limezifunga chipsi, masala imezivisha. Chakula tunachokitafutia jina hakifanyi lolote kati ya hayo mawili. Chipsi hukaa chini, kavu, na vingine vyote huja juu yake dakika ya mwisho bila kukorogwa. Huo ni muundo wa tatu, na ukiuita mchanganyiko umeurudisha kwenye masala.

Ushahidi wa muundo huo unapatikana kule ulikokomaa. Huko Quebec, Kanada, poutine ilianza kuliwa miaka ya 1950; simulizi linalojulikana zaidi humtaja Fernand Lachance, mwenye mkahawa katika mji wa Warwick, mwaka 1957. Ni chipsi, madonge ya jibini changa, kisha mchuzi wa moto wa rangi ya kahawia. Madonge hutangulia na mchuzi hufuata, kwa sababu joto la mchuzi linatakiwa kuyalainisha bila kuyayeyusha kabisa; ukigeuza mpangilio unapata chipsi zilizolowa zenye jibini baridi juu. Mjini Rotterdam, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinyozi mmoja mwenye asili ya Cape Verde, Nathaniel Gomes, aliagiza katika duka la shawarma vitu alivyovipenda vyote viwekwe kwenye chombo kimoja. Chakula hicho leo huitwa kapsalon, maana yake saluni ya nywele. Chipsi hutandazwa kwenye trei ya foili, nyama ya shawarma juu yake, halafu jibini ya Gouda ambayo huyeyushwa kwa moto wa juu. Baada ya hapo tu ndipo huja saladi mbichi, sosi ya kitunguu saumu na sambal, pilipili ya Kiindonesia iliyoingia Uholanzi kwa njia ya ukoloni. Jina kapsalon halimsaidii mpishi hata kidogo, lakini tabaka zake zinamfundisha kila kitu.

Mfano wa tatu ndio unaoshawishi zaidi, nao unagusa mtindo wa kisasa wa kuunganisha mapishi ya mataifa mbalimbali. Mwaka 2008 mpishi Roy Choi, mzaliwa wa Seoul aliyekulia Marekani, alishirikiana na wenzake kuanzisha gari la chakula la Kogi mjini Los Angeles, wakiuza nyama ya Kikorea ndani ya chapati ndogo za Kimeksiko. Miaka miwili baadaye, mjini Austin, Texas, gari la chakula la Chi'Lantro lilianza, nalo likajulikana kwa chipsi zenye kimchi, nyama ya Kikorea iitwayo bulgogi, jibini, kitunguu, majani ya giligilani na ufuta. Kimchi ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na saumu, na imejaa maji. Ikiwekwa juu ya chipsi kama ilivyotoka kwenye chupa, inaziua. Kwa hiyo kimchi hiyo hukaangwa kwanza mpaka maji yakauke na sukari yake ianze kuwa kahawia. Hapo mpishi hakuongeza kitu. Amekitengeneza kitu kiweze kubebwa. Neno linalohesabu wingi, kama sheheni, halina pa kuliweka tendo hilo.

Fizikia ya kiazi inaeleza kwa nini. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Chipsi nzuri hukaangwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, ili wanga wa ndani uive, zikapumzishwa, kisha mara ya pili kwenye nyuzi 180 hadi 190, ili maji ya juujuu yatoke kama mvuke na kuacha ganda kavu. Tangu zinapotolewa kwenye mafuta, ganda hilo linaanza kushambuliwa na unyevu unaotoka ndani ya kiazi chenyewe, na kila kitu chenye maji kinachomwagwa juu kinaongeza shambulio. Ndiyo maana sosi hutakiwa kuwa nzito ya kung'ang'ania pale ilipomwagwa, kachumbari hukamuliwa maji yanayotolewa na chumvi, na jibini, kwa mafuta yake, hutangulizwa ili ikae katikati kama ngata kati ya kichwa na mtungi. Mpishi anapigania dakika chache tu, lakini dakika hizo ndizo zinazotofautisha chakula hiki na chipsi zilizomwagikiwa mchuzi kwa bahati mbaya.

Sasa neno. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani au begani. Ndani yake kuna mambo matatu ambayo chakula hiki kinayahitaji: mzigo unatoka kwa mkono mwingine, unakaa juu, na anayebeba lazima awe amesimama imara kabla haujamfikia. Sarufi nayo inakubali. Kitenzi hiki huchukua watendwa wawili: humtwika mama kuni, na vivyo hivyo huzitwika chipsi kima. Umbo la "za ku-" ndilo ambalo jiko letu limelizoea siku zote: mayai ya kuchemsha, wali wa kukaanga, nyama ya kuchoma, kuku wa kupaka. Hakuna anayedai tuseme nyama iliyochomwa ili kuthibitisha kwamba nyama haikujichoma. Na kama nyama ya kuchoma ilivyofupishwa ikawa nyama choma, na kuku wa kupaka akawa kuku paka, chipsi za kutwika zinaweza kuwa chipsi twika bila kuivunja lugha.

Atatokea mtu aseme kwamba kutwika ni neno la watu waliobeba kuni na maji, na kijana wa mjini anayekula chakula hiki hajawahi kuvaa ngata. Lakini kijana huyo husoma habari za michezo kwamba kocha fulani ametwikwa jukumu la kuinoa timu, na husikia watu wakitwikana lawama. Kitenzi kiko hai mdomoni hata pale ambapo mzigo wa kichwani haupo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chipsi lenyewe ni neno la mkopo, basi kwa nini tusikope na hili? Jibu langu ni kwamba tulikopa jina la kitu ambacho hatukuwa na jina lake. Hapa tunaombwa kukopa jina la tendo ambalo tunalo. Hata mkopo wa chipsi haukufunga mlango: Kiswahili cha maandishi cha Kenya kina vibanzi, kutokana na kibanzi cha mti, na maneno hayo mawili yanaishi pamoja. Atakaye aseme vibanzi vya kutwika, istilahi haibadiliki.

Wengine watauliza kwa nini tusiseme tu chipsi na kitoweo, kwa kuwa nyama na mchuzi wa juu ni kitoweo kweli. Ni kweli, na neno kitoweo linafaa sana kutaja huo mzigo. Ila kitoweo cha kawaida hukaa pembeni ya wali au ugali, na mlaji ndiye anayetowelea, tonge kwa tonge, kwa kipimo chake. Katika chipsi za kutwika kipimo hicho kimeamuliwa na mpishi. Mlaji amekabidhi sehemu ya kazi yake, na jina halina budi kuonyesha hivyo.

Mseto, kwa upande wake, ni neno zuri kwa mapishi yanayooanisha asili mbili, na nisingependa lipotezwe kwa kutajia muundo wa sahani. Katika kilimo mseto mazao hukaa shamba moja na kila moja huonekana. Ndivyo nyama ya Kikorea na jibini ya Kimarekani zinavyokaa. Basi chipsi za kutwika zinaweza kuwa za mseto au zisiwe: poutine si ya mseto, kapsalon ni ya mseto.

Istilahi hii inaweza kujaribiwa jikoni leo kwa kuku wa kupaka wa pwani. Kuku huchomwa, huchambuliwa mifupa, na tui lake lenye bizari na ndimu huchemshwa mpaka liwe zito kiasi cha kuacha mfereji mwiko unapopita. Chipsi zikitoka kwenye mafuta ya pili zinatiwa chumvi, kuku anapangwa juu, tui linamwagwa kwa mstari mwembamba katikati na kuziacha kingo kavu, na embe mbichi iliyokunwa na kukamuliwa inamalizia. Kwenye orodha ya vyakula itaandikwa: chipsi twika kuku wa kupaka. Kwenye kamusi: chipsi zilizokaangwa zikakauka, zikawekewa kitoweo juu yake bila kukorogwa muda mfupi kabla ya kuliwa.