Klachi isiyotoa: tuipime kwa kurudi nyuma kihistoria

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni, tuzungumze klachi. Msicheke! Hapa Songea, kuanzia Mfaranyaki mpaka Lizaboni, gari likigoma kuingia gia utasikia haraka: "Tushushe giaboksi." Siku inapotea, hela ya ufundi inakutoka, na pengine kilichokufa ni kipira kidogo tu cha silinda. Nimekaa na historia ya kifaa hiki, na naona yenyewe inatuonyesha pa kuanzia.

Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Huku Ungoni, Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimezimwa. Nduna Songea Mbano alikuwa amenyongwa mwaka 1906. Magari mengi ya enzi hizo yalikuwa na klachi ya koni iliyovishwa ngozi. Ngozi ikikauka inashika kwa kishindo, ikilowa mafuta inateleza.

Baadaye ikaenea klachi pleti kavu, inayobanwa kwa springi kati ya flaiwili na presha pleti. Magari ya gia za mkono yanaitumia hadi leo. Ukikanyaga pedali, beringi inasukuma, presha pleti inaachia, klachi pleti inabaki huru. Land Rover za kwanza, za mwaka 1948, zilipeleka nguvu ya mguu kwa vyuma vitupu. Series II ya mwaka 1958 ikaleta mafuta: silinda ya juu kwenye pedali, silinda ya chini kwenye giaboksi.

Mnaona? Pleti ni ya zamani na imejificha ndani. Mfumo wa mafuta ulikuja baadaye, na kwa magari mengi uko nje, unafikika kwa spana moja. Basi tuanze na kilichokuja mwisho, turudi nyuma.

Kwanza uthibitishe ugonjwa. Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia. Ukiwasha zinagoma, au rivasi inasaga. Hapo klachi haitoi. Usichanganye na klachi inayoteleza, ambapo injini inalia sana na gari halipandi. Huo ni ugonjwa wa kinyume kabisa.

Pili, funua kikopo cha mafuta. Yakiwa yamepungua, tafuta yanakovujia: chini ya pedali, kwenye bomba, au silinda ya chini. Pedali ikiwa laini na kukaza baada ya kuikanyaga mara kadhaa, shuku upepo.

Tatu, zima injini, weka vigingi kwenye matairi, mwenzako akanyage pedali huku wewe ukiangalia fimbo ya silinda ya chini. Ikisogea kidogo tu, tatizo liko kwenye mafuta au vipira: rekebisha, toa upepo, jaribu tena. Ikisogea sawasawa na gia bado zinagoma, sasa giaboksi ishuke. Huko ndani utakuta uma uliopinda, beringi iliyokufa, pleti iliyopinda, au pleti iliyogandamana na flaiwili kwa kutu, hasa gari lililolala nje mvua zote, Desemba hadi Aprili.

Na suala si hela tu. Barabara ya lami ya Makambako, karibu kilomita 300, tuliipata miaka ya 1980 kwa fedha za Uingereza. Ilifupisha safari, lakini milima ya Lukumburu ilibaki palepale. Dereva anayeteremka kule na klachi isiyotoa hawezi kurudisha gia ndogo. Anabaki na breki peke yake, zinachemka, na nyuma kuna abiria.

Kwa hiyo kabla hujakubali giaboksi ishushwe, omba ile fimbo ipimwe mbele yako. Dakika kumi hazizidi. Kama kuna mzee wa Land Rover anayenipinga, ajitokeze tubishane. Kahawa nalipa mimi!