Nani Anavuta Waya? Kwenye Njia ya Shaba, Bunkeya hadi Kolwezi

Reli ilipofika Katanga, shaba ya huko ilikuwa imeshasafiri vya kutosha. Ilibebwa vichwani na mabegani, imeyeyushwa kwa umbo la misalaba, ikauzwa kuelekea pwani zote mbili: ya Waswahili mashariki na ya Benguela magharibi. Leo inasafiri kwa malori hadi bandari za Bahari ya Hindi, na kwa reli hadi Lobito. Wengi wanaoizungumzia siku hizi huanza na gari la umeme, kana kwamba Kolwezi ilizaliwa pamoja na betri. Ukiifuata njia yenyewe kituo hadi kituo, unakuta habari nyingine: katika ukanda huu, kukiondoa chombo kwenye moto na kukitia kwenye umeme ni kazi iliyokwisha kufanywa, na kwa ustadi, kabla Kongo haijapata uhuru.

Bunkeya

Njia inaanzia kwa Msiri. Alikuwa Msumbwa, mtoto wa biashara ya misafara kutoka upande wa magharibi wa Tabora, aliyehamia Katanga katikati ya karne ya 19 akajenga dola ya Garenganze na mji wake mkuu, Bunkeya. Watu waliokuja naye na kuungana naye ndio Bayeke.

Kuyeyusha shaba hawakukuleta wao. Wenyeji, Basanga miongoni mwao, walikuwa wakifanya hivyo kwa karne nyingi. Kiangazi kikiingia walichimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kuvukuta mpaka shaba nyekundu ikatiririka. Ustadi ambao Bayeke walisifiwa kwao ni wa hatua inayofuata: kuvuta waya. Fundi alifua ufito wa shaba, akauchonga ncha, akaipitisha ncha hiyo kwenye tundu la kipande cha chuma, kisha akauvuta ufito mzima kwa nguvu za mwili. Ukitoka, alihamia tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, mpaka akabaki na uzi mwembamba wa kuweza kuzungushwa juu ya nyuzi za mmea na kuwa bangili. Jiwe lilitoka ardhi ya hapo, na kitu kilichokamilika kilitoka mikononi mwa watu wa hapo.

Tarehe 20 Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kusindikizwa na mamia ya wapagazi kutoka Zanzibar na mrima, ulimuua Msiri kwa risasi. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alikuwa akizunguka nchi hiyo hiyo akipima miamba. Mwaka 1906 zikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, ya kuchimba, na kampuni ya reli ya BCK, ya kusafirisha. Reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kampuni likamimina shaba yake ya kwanza. Kuanzia hapo jiwe liliyeyushwa Katanga, lakini usafishaji wa mwisho na uvutaji wa waya ukahamia Ulaya, hasa Ubelgiji.

Likasi

Mji huu, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ndio mahali ambapo shaba ilikutana na umeme. Kwa madini ya juu ya ardhi yaliyojaa malakiti, moto mtupu haukuwa njia yenye faida kuliko zote. Mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kufanya kazi kwa njia nyingine: jiwe linasagwa, linaloweshwa katika asidi ya salfuriki mpaka shaba ihamie kwenye maji, kisha mkondo wa umeme unapitishwa na shaba inajishika kwenye bamba, tabaka juu ya tabaka. Njia hiyo inatoa shaba safi mno. Inakula umeme vilevile, usiku na mchana, bila kupumzika.

Kwa hiyo mto ukazibwa. Bwawa la Mwadingusha kwenye maporomoko ya Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na ziwa lililojikusanya nyuma yake linawalisha wavuvi hadi leo. Koni ikafuata mwaka 1950, chini kidogo kwenye mto huo huo. Kisha wahandisi wakauendea mto Lualaba wenyewe, karibu na Kolwezi: Nzilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Nseke mwaka 1956. Mabwawa yote haya yalijengwa kwa ajili ya shaba. Hakuna hata moja lililojengwa ili mama wa kijijini awashe taa, na dosari hiyo haijaisha mpaka sasa.

Likasi ilikuwa na kitu kingine kisichosimuliwa sana: karakana kuu za Panda. Humo vipuri vilimiminwa, vilichongwa na kutengenezwa upya kwa ajili ya migodi yote ya kampuni. Mtambo ukiharibika haukungoja meli kutoka Antwerpen. Ulikwenda Panda.

Tenke

Kutoka Likasi reli inapanda kuelekea Kambove na Fungurume hadi njia panda ya Tenke. Hapo tawi moja linakwenda kaskazini, Kamina, na jingine magharibi, Kolwezi na Dilolo, ambako tangu mwaka 1931 linaungana na reli ya Benguela. Kwa miongo mingi treni za njia hii zilikwenda kwa moshi. Makaa mazuri yalitoka mbali, Wankie katika Rhodesia. Yale ya Luena, ya hapo hapo Katanga, yalikuwa hafifu. Wenzao wa Benguela walipanda misitu ya mikalitusi ili wapate kuni za kulisha injini.

Mwaka 1952 kipande cha Likasi hadi Tenke kikafungwa nyaya juu, na injini za umeme zikaanza kuvuta mabehewa. Nchi nyingi za Ulaya zilizokuwa na treni za umeme wakati huo zilitumia mkondo wa pekee, uliohitaji mitambo ya pekee ya kuuandaa. Katanga ilichagua mkondo ule ule wa kawaida wa viwandani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, unaotoka bwawani na kufika relini kupitia transfoma tu. Ufaransa ilikuwa imeujaribu mfumo huo kwenye njia ndogo ya milimani, na njia yake kubwa ya kwanza ya aina hiyo, Valenciennes hadi Thionville, ilifunguliwa mwaka 1954. Shirika la reli la Katanga halikuwa likijivunia uvumbuzi. Lilikuwa na bwawa jirani na makaa ya mbali, likapiga hesabu. Nyaya zikaendelea kutandazwa, Kolwezi upande mmoja, Lubumbashi na Kamina pande nyingine, hadi mtandao ukafikia kilomita 858.

Tazama kilichobadilika na kilichobaki. Reli haikung'olewa. Mabehewa, stesheni na madaraja viliachwa kama vilivyokuwa. Kilichoondoka ni tanuru, tangi la maji na rundo la makaa, na kilichoingia ni mota. Hiyo ndiyo kazi ile ile inayofanywa leo na mafundi wanaochukua gari kuukuu na kulitia umeme.

Gari la umeme lenyewe ni la zamani kuliko Katanga ya reli. Aprili 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy aliketi kwenye chombo alichokibuni, chenye umbo la risasi, betri tumboni na mota nyuma, akawa dereva wa gari wa kwanza duniani kupita kilomita 100 kwa saa. Petroli ilikuja kuyashinda magari ya namna hiyo kwa sababu ilibeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Treni ya Katanga ilikwepa tatizo hilo kwa kutobeba betri kabisa.

Lualaba

Kabla ya kuingia Kolwezi, barabara na reli zinauvuka mto. Upande wa chini wa mto huo ndiko yaliko mabwawa ya Nzilo na Nseke. Ungedhani mji ulio jirani na mabwawa hayo haujui giza. Tena mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, mrefu kuliko wowote duniani wakati huo. Mkondo wake ni wa moja kwa moja, ambao si rahisi kuuchota njiani, kwa hiyo vijiji vingi vinauona ukipita juu ya mashamba na havipati chochote. Ulijengwa kulisha migodi, na kuifunga Shaba, kama mkoa ulivyoitwa enzi za Mobutu, kwa Kinshasa. Leo migodi hailali, na mitaani watu wanahesabu saa za mgao.

Reli nayo ilirudi nyuma. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka miaka ya 1990, na shirika la reli likaanguka nayo. Nyaya za juu zimeibwa sehemu nyingi na kuuzwa kama vyuma chakavu. Injini mpya zilizonunuliwa miaka ya 2010 zilitoka China, na zilikuwa za dizeli. Katika nchi yenye shaba na mito, treni iliyokuwa imehamia umeme ikarudishwa kwenye mafuta ya kuagizwa.

Kolwezi

Kobalti ilikuwepo wakati wote, imechanganyika na shaba. Kiwanda cha Luilu, kilichoanza mwaka 1960, kilitenganisha madini hayo mawili kwa asidi na umeme. Wakati huo kobalti ilitafutwa kwa ajili ya sumaku na vyuma vya injini za ndege. Waasi walipoivamia Kolwezi mwezi Mei 1978, bei yake ilipaa duniani kote. Kisha mwaka 1991 Sony ikaingiza sokoni betri ya lithiamu yenye kobalti, na polepole madini hayo yakawa ya simu, kisha ya magari. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi aliyekuwa akichimba uani kwake alikuta mawe meusi ya kobalti, na haukupita muda nyumba kwa nyumba zikawa na mashimo sebuleni. Kongo sasa inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani.

Magari yanatengenezwa kwingine. Makerere walikuwa wa mapema katika ukanda wetu: wanafunzi wake walishiriki kubuni gari la Vision 200, lililoonyeshwa Torino mwaka 2008, kisha Novemba 2011 wakaliendesha Kampala gari la viti viwili, Kiira EV, lililoundwa na chuo chenyewe. Nairobi, kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, leo Roam, ilianza kwa kugeuza Land Cruiser na Land Rover za safari na za migodini.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Injini inang'olewa pamoja na tangi, rejeta na ekzosi. Fundi anapima mahali injini ilipokutana na giaboksi, anachonga bamba la chuma la kuunganisha mota hapo, na hapo kosa la nywele moja litaifanya shafti itetemeke mpaka ijivunje. Betri zinagawanywa mbele na nyuma ili gari lisilalie upande. Breki nazo zilikuwa zikipata nguvu kwa mvuto wa hewa wa injini, kwa hiyo pampu ndogo ya umeme lazima ichukue nafasi hiyo, la sivyo dereva atakanyaga pedali ngumu kama jiwe. Kadiri gari lilivyo la zamani, lisilo na kompyuta, ndivyo linavyokubali.

Kuna jambo ambalo wauza matumaini hawalisemi sana. Betri nyingi za bei nafuu siku hizi ni za chuma na fosfati, na hazina kobalti hata chembe. Shaba haina mbadala rahisi namna hiyo. Gari la umeme linabeba takriban kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli, na sehemu yake ni waya: uliosukwa ndani ya mota, na ule mnene unaotoka kwenye betri.

Serikali imeanza kudai sehemu yake. Mwaka 2021 utafiti uliozinduliwa Kinshasa ulionyesha kuwa kiwanda cha viambato vya betri kingegharimu dola milioni 39 Kongo, theluthi ya gharama yake Marekani. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia saini ushirikiano wa kutengeneza betri, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapewa kituo cha utafiti wake. Februari 2025 usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ukasitishwa, na Oktoba ukaanza mgao wa viwango. Hatua hizo zinapandisha bei ya jiwe. Fundi wa Kolwezi hazijamgusa bado.

Njia ya shaba inatoa ushauri wa unyenyekevu zaidi. Mwaka 1952 mambo yalikwenda kwa sababu chanzo cha umeme, chombo cha kugeuzwa na karakana vilikuwa karibu karibu. Vitu hivyo vitatu vipo Kolwezi leo ndani ya ukuta mmoja: migodi ina laini zake za umeme, ina makundi ya Land Cruiser zinazorudi geti lile lile kila jioni baada ya mwendo mfupi, na ina gereji. Mitaani wapo mafundi wanaosuka upya mota za pampu na za vinu zilizoungua, zamu baada ya zamu ya waya. Sheria inayoilazimisha kampuni kubadili sehemu ya magari yake hapo hapo, kwa mikono ya vijana wa hapo, ingegharimu kidogo kuliko kiwanda cha betri na ingeanza mapema zaidi. Kuuza jiwe kwa bei nzuri ni haki ya mkoa wa Lualaba. Lakini waliowahi kutajirika na shaba kwa muda mrefu, kuanzia Bunkeya hadi Charleroi ya Ubelgiji, ni wale waliokuwa wakivuta waya.