Hati Isiyopingika

Kabla ya miaka ya 1950, mkulima wa Nyeri au Kiambu nchini Kenya hakushangaza mtu akiwa na kishamba kimoja bondeni, kingine mgongoni mwa kilima, na cha tatu ng'ambo ya mto. Bondeni alipanda nduma, juu mahindi na maharagwe. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo, na asiye na ardhi aliomba kulima kwa wenzake akaitwa muhoi.

Maofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni waliona hasara tupu. Mwaka 1954 ukachapishwa mpango wa Roger Swynnerton wa idara ya kilimo: vipande viunganishwe, kila mwenye shamba apate hati, apande kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa. Uingereza ikatoa pauni milioni 5.

Wakati wenyewe haukuwa wa kawaida. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau. Maelfu ya wanaume walikuwa vizuizini, na familia zao zimehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi. Kamati za wazee zilisikiliza madai, vipande vya kila mtu vikapimwa na kujumlishwa, kisha akakatiwa shamba moja la ukubwa unaolingana. Aliyefungwa katika kambi ya kizuizi ya Manyani hakuwapo kuonyesha mpaka wake. Waliokuwa upande wa serikali walikuwapo. Huko Fort Hall, Murang'a ya leo, makosa na upendeleo vilizidi hata kazi ikabidi irudiwe.

Sheria ndiyo iliyofunga mlango. Ile ya 1957 ilisimamisha kesi za ardhi katika maeneo yaliyokuwa yakiunganishwa. Ya 1959 ikaleta daftari rasmi la wamiliki, na wahoi wengi hawakuandikwa.

Uhuru haukubadilisha msingi huo. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 iliukinga usajili wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, mahakama iliamua kwamba haki za kimila zisizoandikwa daftarini zimekufa.

Kinga hiyo iliondoka mwaka 2012, Sheria ya Usajili wa Ardhi iliporuhusu hati iliyopatikana kwa ulaghai au rushwa ipingwe. Kwa waliopokonywa wakiwa kizuizini, nafuu hiyo ilichelewa zaidi ya nusu karne.